UBIA NA SERIKALI: NANI ATABEBA HASARA?

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za mazao, riba za mabenki na mwenendo wa shilingi. Wiki hii tunaiweka pembeni mizani ya mahindi na kushika ya mkataba, kwa sababu wafanyabiashara wengi wenye mtaji wa kati wanajikuta wakiitwa mezani na halmashauri, mamlaka za maji na mashirika ya umma kuzungumzia kitu kinachoitwa ubia. Stendi inatafuta mbia, soko linatafuta mbia, na barabara ya kulipia ya Kibaha hadi Morogoro imezungumzwa kwa miaka mingi kama mradi wa kumpa mbia. Lugha ya mezani huwa tamu. Lakini yaliyomo kwenye karatasi yanaweza kumfilisi mtu aliyekuwa na maduka manne na malori mawili.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Ubia unaozungumzwa hapa sio ule ubinafsishaji uliosimamiwa na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma tangu mwaka 1992. Kule Serikali iliuza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, na mnunuzi akaendesha biashara yake. Kiwanda cha bia kilipopata wenye hisa wapya mwaka 1993, hakuna aliyetarajia kwamba siku moja mitungi na mapipa yatarudishwa Hazina. Katika ubia, kazi inabaki kuwa ya umma. Mtu binafsi anakabidhiwa aifanye kwa muda uliotajwa, kwa fedha na ujuzi wake, naye hujilipa ama kwa kutoza watumiaji au kwa kulipwa na Serikali yenyewe. Muda ukiisha, mali inarudi kwa mwenyewe. Katikati ya hayo yote ipo sharti ambalo watu hulisoma haraka haraka: mbia anachukua sehemu kubwa ya hatari za fedha, za kiufundi na za uendeshaji.

Hayo ndiyo yaliyomo katika Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Na. 18 ya mwaka 2010, ambayo ni Sura ya 103 ya Sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake. Sheria hiyo ilitanguliwa na sera ya mwaka 2009, na kabla ya sera hiyo nchi ilikuwa imekwisha ingia ubia mkubwa mara kadhaa bila sheria maalum ya kuuongoza. Anayetaka kuelewa kwa nini vifungu vyake viko jinsi vilivyo, hapana budi aanze na maji ya Dar es Salaam.

Mwaka 2003 DAWASA ilitia saini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya City Water Services. Asilimia 51 ya hisa zilikuwa za Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani kupitia kampuni yao ya pamoja, na asilimia 49 zilikuwa za Superdoll ya hapa nyumbani. Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: mabomba na mitambo vibaki kuwa mali ya DAWASA, ambayo ingesimamia ujenzi mkubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. City Water ingeendesha mfumo, ingekusanya bili, ingebaki na ujira wake na kulipa DAWASA kodi ya kila mwezi.

Katika zabuni, kampuni nyingine mbili kubwa zilizokwisha pita mchujo zilijitoa, akabaki mshindani mmoja. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua maana ya mnada wenye mteja mmoja. Bei iliyotolewa ilitegemea makisio ya makusanyo, na makisio yalitegemea kumbukumbu za wateja ambazo zilikuwa hovyo. Kazi ilipoanza Agosti 2003, makusanyo yalishuka chini ya yale yaliyokuwa yakipatikana kabla kampuni haijaingia. Kodi ya DAWASA ikaanza kulipwa nusu nusu, kisha ikasimama. Kampuni iliomba mkataba ufunguliwe upya, majadiliano yakavunjika, na Mei 2005 Serikali ikatangaza kuuvunja. Siku chache baadaye mameneja wa kigeni waliondolewa nchini.

Kesi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kati ya City Water na DAWASA juu ya mkataba wenyewe, na hapo DAWASA ilishinda: kampuni iliamriwa ilipe paundi milioni 3 hivi. Ya pili Biwater Gauff waliipeleka mbele ya kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Hukumu ya Julai 2008 ilisema kwamba Serikali ilivunja mkataba wa kulinda vitega uchumi kati ya Tanzania na Uingereza, kwa namna ilivyoingia kwa nguvu wakati taratibu za kuvunja mkataba zilikuwa bado hazijakamilika. Hata hivyo fidia ilikuwa sifuri, kwa sababu siku ile inachukuliwa kampuni haikuwa na thamani yoyote ya kuibiwa.

Serikali ilishinda huku ikiwa imekosea, na mwekezaji alishindwa huku akiwa ameonewa kidogo. Katika biashara matokeo kama hayo hayamfurahishi yeyote isipokuwa mawakili. Mama wa Tandale aliyekuwa akinunua maji kwa ndoo mwaka 2003 aliendelea kuyanunua kwa ndoo mwaka 2005.

Sheria ya mwaka 2010 ilijaribu kuziba matundu hayo. Mradi hauwezi kwenda sokoni kabla ya kuwa na andiko la awali na upembuzi yakinifu. Upembuzi huo lazima uonyeshe mambo matatu: kwamba umma unamudu kulipia, kwamba thamani inayopatikana inazidi ile ambayo Serikali ingeipata kwa kufanya yenyewe, na kwamba hatari zimehamishiwa kwa mbia kwa kiasi cha kutosha. Zabuni ni ya ushindani. Mkataba unapitiwa na Mwanasheria Mkuu. Baada ya kutiwa saini unatakiwa ufuatiliwe, jambo ambalo zamani lilionekana kama kazi ya mtu aliyekosa kazi.

Halafu likaja suala la mlango. Nani anaratibu? Sheria ilipotungwa iliweka meza mbili: kitengo cha uratibu katika Kituo cha Uwekezaji, TIC, na kitengo cha fedha katika Wizara ya Fedha. Mwenye mradi alitembea na faili kati ya meza hizo mbili huku kila moja ikisubiri neno la mwenzake. Mwaka 2014 Bunge lilibadili sheria, meza zikaunganishwa kuwa kituo kimoja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na ukaanzishwa mfuko wa kuwezesha maandalizi ya miradi. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa tena, shughuli zikahamia Wizara ya Fedha. Mwaka 2023 ikaguswa mara nyingine na Kituo cha Ubia kikapewa nguvu na mtendaji mkuu wake. Mabadiliko matatu katika miaka 13 ni mengi kwa sheria inayosimamia mikataba ya miaka 20 na 30. Mtu aliyeanza kuandika mradi mwaka 2013 aliweza kubadilishiwa ofisi mara tatu kabla hajapima kiwanja.

Kwa haki, kila badiliko lilikuwa na sababu. Ofisi inayotafuta wawekezaji hupenda kusema ndiyo, na ile inayotunza Hazina hupenda kusema hapana. Kuwaweka chumba kimoja si kosa. Tatizo ni kwamba anayetaka mkopo benki huulizwa idhini yake imetolewa na nani, na benki haipendi kusikia kwamba mtoaji amehama jengo.

Sasa tuingie katika hesabu, maana ndipo wengi huteleza. Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri inatoa kiwanja, mbia ajenge soko la vizimba 600 kwa Sh. bilioni 3, aliendeshe kwa miaka 20 kisha alirudishe. Kodi ya kizimba inakisiwa Sh. 60,000 kwa mwezi. Vizimba vyote vikijaa, makusanyo ya mwaka ni Sh. milioni 432. Toa ulinzi, usafi, umeme, bima na mishahara, tuseme Sh. milioni 100. Zinabaki milioni 332. Mbia ana bilioni moja yake na bilioni mbili za benki kwa riba ya asilimia 16, hivyo riba ya mwaka wa kwanza pekee ni milioni 320. Kilichobaki ni milioni 12, kabla ya kupunguza hata senti moja ya deni lenyewe. Hiyo sio biashara.

Basi mbia anaomba kodi ipande hadi Sh. 90,000, yaani Sh. 3,000 kwa siku. Makusanyo yanakuwa milioni 648, na baada ya uendeshaji na riba zinabaki milioni 228. Akirejesha mkopo kwa miaka 10, anatoa milioni 200 kila mwaka. Anabaki na milioni 28 kwa bilioni yake moja mwaka ule wa kwanza. Hatifungani za Serikali zingemlipa zaidi ya hapo akiwa amelala. Halmashauri nayo inataka asilimia 10 ya makusanyo, ambayo ni karibu milioni 65. Tayari mbia yuko chini ya maji, na hatujafika kwenye jambo lenyewe: je, kama theluthi moja ya vizimba vitakaa vitupu?

Vikijaa 400 tu kwa bei ile ya 90,000, makusanyo yanarudi kuwa milioni 432, na baki baada ya riba ni zile zile milioni 12 tulizoanzia. Wala si jambo la kufikirika. Machinga Complex ya Ilala, jengo la ghorofa lililojengwa kwa fedha za NSSF kwa ajili ya Jiji, linakumbukwa kwa vizimba vilivyokaa bila wapangaji huku wafanyabiashara wakibaki barabarani, kwa kuwa mteja hapandi ngazi kufuata soksi na deni halisubiri mteja.

Kwa hiyo mbia mwenye akili atadai moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni halmashauri iahidi kuwaondoa wote wanaouza nje ya soko. Ahadi hiyo ni rahisi kuandika na ngumu kutekeleza. Diwani atakayewahamisha wamachinga miezi sita kabla ya uchaguzi bado hajazaliwa. La pili ni halmashauri imhakikishie mapato ya chini, yaani vizimba visipojaa, ijazie. Hapo hatari imerudi kwa umma kupitia mlango wa nyuma, na ule upembuzi uliosema imehamishwa unakuwa karatasi tupu.

Dhamana ya namna hiyo ndiyo iliyotuuma katika umeme. Mkataba wa TANESCO na IPTL ulitiwa saini Mei 1995, wakati wa mgawo, kwa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta na muda wa miaka 20. Wenye hisa walikuwa Mechmar ya Malaysia kwa asilimia 70 na VIP ya hapa nchini kwa asilimia 30. TANESCO ilikubali kulipa malipo ya utayari wa mtambo kila mwezi, uwe unawaka au umezimwa. Kiasi hicho kilitegemea gharama za ujenzi, na TANESCO ilipolalamika kwamba gharama zimetiwa chumvi, hasa kwa aina ya injini zilizoletwa, mgogoro ulikwenda kwenye kituo kile kile cha usuluhishi, nacho kikazipunguza mwaka 2001. Mtambo ukaanza kuuza umeme Januari 2002, mgawo uliousababisha ukiwa umekwisha sahaulika. Ugomvi juu ya malipo hayo uliendelea hadi fedha zikawekwa katika akaunti maalum, ile ya Tegeta Escrow, iliyotikisa Bunge mwaka 2014.

Malipo ya utayari si kitu kiovu kwa asili yake. Bila hayo hakuna benki itakayokopesha mjenzi wa mtambo ambao una mnunuzi mmoja tu. Kosa lilikuwa kuyapanga juu ya gharama ambazo hazikushindanishwa, kwa haraka, gizani kwa maana zote mbili. Ndiyo maana leo Wizara ya Fedha inang'ang'ania kuona kila dhamana kabla haijatolewa: deni ambalo halimo vitabuni leo linaweza kuingia kesho asubuhi.

Hatari nyingine ni zile ambazo hakuna aliyezitaja. Mabasi ya mwendo kasi yalianza Mei 2016 katika barabara ya Morogoro. Miundombinu ilijengwa na Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mabasi yakawa ya kampuni ya uendeshaji, UDART. Karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, mahali ambapo hata jina lake halimzuii maji kuja. Mvua kubwa ziliponyesha, karakana ilifurika na mabasi yakaharibika. Aliyechagua kiwanja ni mmoja, aliyepoteza injini ni mwingine, na abiria wa Kimara akaendelea kusubiri kituoni. Swali la nani alipie mafuriko lilipaswa kujibiwa kwenye meza ya mkataba, kabla ya wingu la kwanza.

Kuhusu mabadiliko ya mwaka 2023, mfanyabiashara ayaangalie mawili. Mwaka 2018 sheria ilikuwa imeamuru migogoro yote ya ubia iamuliwe na vyombo vya ndani ya nchi, uamuzi ambao historia ya Biwater na IPTL inatosha kuueleza. Wakopeshaji wa nje hawakuupenda. Mwaka 2023 mlango wa usuluhishi wa kimataifa ulifunguliwa tena. Pili, mbia anatakiwa aunde kampuni mahsusi ya mradi, na taasisi ya umma inaweza kuwa na hisa chache ndani yake. Jambo hili linamfaa Mtanzania anayejiunga na mgeni: vitabu vya mradi vinakuwa peke yake, havichanganywi na madeni ya kampuni mama iliyo ng'ambo.

Mabadiliko hayo yalipita katika kikao kile kile cha Bunge kilichoridhia, tarehe 10 Juni 2023, makubaliano kati ya Tanzania na Dubai juu ya bandari. Kelele zote zilikwenda bandarini na sheria ya ubia ikapita kimya. Oktoba 2023 mikataba na DP World ilitiwa saini Dodoma, ya miaka 30 kwa sehemu ya magati ya Dar es Salaam, na utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano. Kipengele hicho cha kupima kilikosekana au kilikuwa dhaifu zamani. Mkataba wa kitengo cha makontena, ulioanza mwaka 2000 kwa miaka 10, uliongezwa miaka 15 mwaka 2005, nusu ya muda wa kwanza ikiwa haijafika mbali, na Bunge likaja kulalamika baadaye. Ulikoma mwaka 2022.

Reli ya Kati nayo ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007 kwa miaka 25, asilimia 51 kwa 49 za Serikali, na mwaka 2011 ikarudi. Majirani zetu Kenya na Uganda waliona yale yale kwa Rift Valley Railways, mkataba wa mwaka 2006 uliovunjika 2017. Reli inaonekana kuwa mwalimu mkali wa ubia kuliko sekta nyingine yoyote.

Ajabu ni kwamba ubia uliodumu kuliko yote nchini hauzungumzwi kabisa kwenye mikutano ya wawekezaji. Hospitali za makanisa zimetoa huduma kwa niaba ya Serikali tangu miaka ya 1970, nyingine zikiwa hospitali teule za wilaya, nyingine za rufaa kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Bugando ilichukuliwa na Serikali mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa, ikarudishwa kwa Kanisa Katoliki mwaka 1985. Jengo ni la kanisa, watumishi wengi wanalipwa na Hazina, na mgonjwa hajui wala hana haja ya kujua mpaka uko wapi. Hakuna anayetafuta faida hapo, kwa hiyo somo lake kwa mwenye maduka manne lina kikomo. Lakini malalamiko ya hospitali hizo ni yale yale ya kila mbia wa Serikali: fedha zilizoahidiwa huchelewa, na wakati zinachelewa umeme unatakiwa ulipwe.

Jambo la mwisho linawahusu wale ambao si wabia wenyewe bali wanamuuzia mbia kokoto, dizeli, chakula cha vibarua na ulinzi. Hawa ndio wengi. Mkataba wa ubia ukivunjika, mkopeshaji anao utaratibu wa kuingia na kushika usukani, Serikali inao wa kuchukua mali, na mbia anao wa kwenda usuluhishi. Muuza kokoto ana ankara. City Water ilipoondoka mwaka 2005, hata DAWASA iliyoshinda kesi yake ilibaki inadai kampuni isiyo na kitu. Kwa hiyo anayeuza kwa kampuni ya mradi adai malipo ya awali, au barua ya dhamana ya benki ya hapa nchini, na siku za kulipwa zihesabiwe tangu mzigo ulipopokelewa na sio tangu mbia alipolipwa na Serikali. Pia aulize tozo za mradi zinakusanywa kwa fedha gani. Kama makusanyo ni ya shilingi na mkopo wa mbia ni wa dola, shilingi ikiteremka atakayekatwa kwanza ni yule asiyekuwa na dhamana.